Wiki Moja Chole kwenye Nyumba ya Makuti: Mwongozo Kamili wa Kupanga, Kufika na Kuishi

Kila rafiki anayeniambia anataka kwenda kukaa Chole huanza kwa kuuliza bei ya nyumba. Mimi humrudishia swali: siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi? Wengi hunijibu "wa nane", wakidhani nauliza Agosti. Nauliza mwezi wa angani. Huo ndio utakaoamua kama boti itakushusha karibu na mlango au utatembea kwenye tope na sanduku kichwani. Bei tutaipata tu.

Chole ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, kusini mashariki mwa kisiwa cha Mafia, Tanzania. Majirani zake ni Juani na Jibondo. Gari hakuna, kuna njia za miguu na baiskeli chini ya minazi na miembe. Wajerumani walikuwa na makao yao ya utawala hapo mpaka 1913, walipohamia Kilindoni, mji ulioko Mafia yenyewe, ambako meli zilipata kina. Serikali nzima ilishindwa na maji ya Chole, kwa hiyo usione haya ukishindwa nayo siku ya kwanza. Magofu ya majengo ya zamani bado yapo, mizizi ya miti imeyashika kama vidole.

Nyumba ninayoizungumzia si hoteli. Ni vyumba viwili, kuta za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, paa la makuti, choo cha nje, kisima cha kuchangia na majirani, na paneli ndogo ya sola ya kuchajia simu. Anayetaka shuka zilizopigwa pasi aende kwenye hoteli, zipo.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mwezi na upepo

Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja hivi mambo yamepinduka: maji mafu, yanajaa karibu saa nne, yanakupwa karibu saa kumi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwenye bamvua tofauti hiyo hupita mita 3.

Hesabu yake ni hii. Ukifika siku ya bamvua saa kumi jioni, boti inakuleta mpaka mchangani. Ukikaa wiki moja kisha ukataka kuondoka saa ileile, bahari imerudi nyuma na njia ni tope. Anayependa kuogelea asubuhi mbele ya nyumba achague wiki ya maji mafu. Anayependa kutembea kwenye fungu la mchanga, kutazama akina mama wakisaka pweza na kuvuka kwa miguu kwenda Juani achague bamvua. Mwenye watoto wadogo asiichague bamvua kwa safari ya kwanza.

Kuhusu upepo: masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Kusi, upepo wa kusini, huvuma kuanzia hapo hadi Septemba. Usiku ni wa baridi nzuri, lakini boti zinarushwa na wenye tumbo jepesi hutapika. Kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi, ni joto, na ukuta wa mawe hulishika joto hilo mpaka usiku wa manane. Mimi hupenda Oktoba na Novemba, wakati wa tangambili, kusi imechoka na kaskazi haijaingia. Bahari hulala, na papa potwe huanza kuonekana upande wa Kilindoni. Hukaa huko mpaka karibu Februari. Mvua za vuli zinaweza kukukuta, ndiyo maana hatua inayofuata inaanza na paa.

Hatua ya 2: Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma arbuni

Mwaka mmoja niliiona nyumba kwenye picha, paa la dhahabu, nikatuma pesa siku hiyohiyo. Picha ilikuwa ya zamani, makuti yalipokuwa mapya. Nilipofika yalikuwa ya kijivu, na mvua ya kwanza ya vuli ililala nami kitanda kimoja. Niliweka beseni juu ya kifua. Mwenye nyumba aliniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba linavuja upande mmoja tu.

Tangu siku hiyo naomba video, na kwamba aipige mchana akiwa amesimama ndani, simu ikitazama juu. Paa lisilo na tundu huonekana giza tupu. Ukiona nyota mchana, tafuta nyumba nyingine. Kisha uliza makuti yaliezekwa lini. Yakipita miaka 3 au 4 huwa yameanza kuchoka.

Uliza na haya: Kisima kiko wapi, na maji yake yana chumvi kiasi gani, ya kunywa au ya kufulia tu? Choo kiko umbali gani kutoka kisimani? Nataka angalau mita 30. Vyandarua vipo vingapi na vina matundu? Jiko ni la mkaa, la gesi au mafiga? Sola inachaji simu tu au inawasha na taa za usiku? Nani anashika ufunguo, na nani anakaa nyumba ya jirani? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Nyumba yenye jirani mwema ina mpishi, mlinzi, mtabiri wa hali ya hewa na mtu wa kukuonyesha nani anauza mkaa.

Tuma nusu ya pesa, nyingine lipa ukishaona kwa macho. Mwenyeji wa kweli hatakasirika.

Hatua ya 3: Mzigo, na ile ndoo

Acha sanduku la magurudumu. Chukua begi la mgongoni na ndoo moja ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Ndani ya ndoo weka mchele, unga, sukari, majani ya chai, chumvi, kiberiti na dawa. Ikimwagiwa maji botini, vitu vyako vikavu. Ukifika inakuwa ghala ambalo panya hawalifungui, na chakula kikipungua inakuwa ndoo ya maji ya kunywa. Nimewaona wageni wakifika na maboksi. Boksi likilowa ni uji.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu au kiroba. Ongeza tochi ya kichwani na betri zake, betri ya akiba ya kuchajia simu, kamba mita 10 (ya kuanikia, ya kisimani, ya kufungia mlango), kanga au vikoi viwili vya ziada, na viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino. Yeboyebo za bei rahisi zinafanya kazi vizuri kuliko raba za bei ghali. Ukienda kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, kumbuka kwamba mzigo kwa kawaida hauzidi kilo 15, basi ndoo inunue Kilindoni.

Pesa taslimu toa kabla ya kuvuka, noti ndogondogo. Muuza vitumbua hana chenji ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 4: Njia

Kwa ndege kutoka Dar ni kama nusu saa mpaka Kilindoni. Kwa nchi kavu unatoka Mbagala, hapo hapo Dar, unashika barabara ya kusini, pale Bungu unakata kwenda bandari ndogo ya Nyamisati, kisha unapanda meli au boti kupitia midomo ya delta ya Rufiji hadi gati la Kilindoni. Uliza ratiba siku mbili kabla na uulize tena asubuhi ya safari. Usipande boti iliyojaa kupita kiasi hata kama umeshalipa, na jaketi la kuokolea livae, usilikalie.

Kutoka Kilindoni hadi Utende, kijiji unakovukia kwenda Chole, ni kama kilomita 15 za barabara, bodaboda au bajaji. Hapo unaingia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa 1995 na yenye kilomita za mraba 822. Kiingilio hulipwa kwa siku, raia kwa kiwango chake na mgeni kwa chake, kwa namba ya malipo ya serikali. Kuwa na kitambulisho, na risiti itunze mpaka utoke.

Utende hadi Chole ni mkono mwembamba wa bahari, dakika chache tu. Boti za abiria huvuka kutwa, watu, baiskeli, magunia, wakati mwingine mbuzi. Panda hiyo. Ukikodi ya peke yako utalipa zaidi na hutajua habari yoyote ya kijiji.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Kabla ya kufungua begi, nenda kwa jirani. Simama nje, piga hodi, ngoja ujibiwe. Wazee waamkie shikamoo, ukae hata dakika tano hata kama jasho linakutoka. Muulize mwenyeji wako namna ya kumwarifu mjumbe kwamba umefika. Mgeni anayejulikana ndiye anayetafutwa akipotea.

Kisha rudi, ufagie. Kung'uta godoro, kung'uta mto, tazama nyuma ya mlango: nge na tandu hupenda giza na unyevu. Kuanzia leo viatu hukung'utwa kila asubuhi kabla ya kuvaliwa. Ning'iniza chandarua mchana, ukiinue juu dhidi ya mwanga wa dirisha uone matundu, na kila tundu lishone kwa uzi. Sindano ya uzi mweupe ni kitu cha kubeba ambacho nilisahau kukitaja.

Kinachotembea kwenye makuti usiku mara nyingi ni mjusi. Kinachopiga kelele kwenye mwembe ni popo, wakubwa kweli, mabawa kama mwavuli. Chole inajulikana kwa popo hao wala matunda. Mchana wananing'inia mitini, magharibi wanaondoka kwa mamia. Usiwarushie mawe na usiokote aliyeanguka.

Hatua ya 6: Maji ya kunywa

Hapa niende polepole, maana hapa ndipo likizo nyingi huharibikia. Chini ya kisiwa kidogo, maji ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi. Kisima huchota tabaka hilo la juu. Ukichota taratibu, unapata maji matamu au yenye chumvi kidogo. Ukichota kwa pupa, au mtu akiweka pampu, chumvi hupanda kutoka chini na kisima cha mtaa mzima kinaharibika. Ndiyo maana ukiona mama anashusha ndoo yake kwa upole, bila kuipiga kwenye maji, si uvivu. Na usishangae kina cha kisima kupanda na kushuka: kinafuata bahari.

Siku ya kwanza onja. Maji yakigoma ulimini, ya kisima yatumie kuogea na kuoshea, ya kunywa nunua au yaagize Utende. Yakiwa mazuri, fanya hivi. Yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Yachemshe, yakitokota kwa nguvu, yaache dakika 1 nzima. Yapoe ndani ya sufuria lilelile, likiwa limefunikwa, kisha yamimine kwenye ndoo yenye mfuniko. Usichovye kikombe. Tumia kata yenye mpini, nayo itundikwe, isilale mezani. Kama mkaa umekwisha, vidonge vya klorini vinafaa kwa maji yaliyochujwa. Fuata kipimo cha kwenye pakiti na ungoje nusu saa.

Watu wawili hutumia kama lita 10 kwa siku kwa kunywa na kupika. Ndoo moja ni siku mbili. Chemsha jioni, baada ya kupika, moto ukiwa bado upo.

Hatua ya 7: Jikoni

Mkaa hauwaki kwa kiberiti peke yake. Okota makumbi makavu na vifuu chini ya minazi (omba kwanza, mnazi una mwenyewe), weka chini ya mkaa, washa, na jiko liweke upepo unapopita mdomoni mwake. Kifuu hukaa na moto muda mrefu kuliko karatasi na hunukia vizuri.

Usilete nyama wala friji ya boksi. Samaki nunua mchangani mashua zinaporudi, na saa hiyo tena inategemea maji na upepo, kwa hiyo muulize jirani. Jicho liwe limejaa na linang'aa, mashavu mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Changu na tasi ni wa kukaanga na kupaka. Kolekole ni wa mchuzi. Pweza mpige mpaka alegee, au mwachie anayejua. Kisichopikwa ndani ya saa chache kitie chumvi na ndimu, kikaange kikauke, kitafika kesho mchana. Kinachobaki kianikwe. Ng'onda kwenye mchuzi wa nazi siku ya tatu ni chakula cha mfalme, na hapo mbuzi ya kukunia na kifumbu vya jirani vitakuwa vimeshahamia kwako.

Mambo mawili usiyafanyie mzaha. Bunju asiingie sufuriani, sumu yake haitoki kwa kupikwa. Na nyama ya kasa, hata ukikaribishwa kwa heshima yote, kataa: ni kosa kisheria na inaweza kuua. Machi 2024, kisiwani Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kuila.

Asubuhi usihangaike na jiko. Vitumbua na chapati hupita mlangoni au hupatikana nyumba ya tatu. Weka oda jioni.

Hatua ya 8: Baharini na nchi kavu

Ukitembea kwenye maji ya magotini, usinyanyue miguu; iburute. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia mchanga unatikisika huondoka mwenyewe. Ukichomwa naye, au na samaki wa jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na wakati huohuo boti itafutwe. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Kuvuka usiku maji yakiwa yamekupwa ni kazi, basi mgonjwa wa jioni asisubiriwe afike usiku. Mkoba wa dawa uwe na ya homa, bandeji, dawa ya vidonda na pakiti za chumvi za kuharisha. Pakiti zikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kuvuka kwa miguu kwenda Juani wakati wa bamvua kunapendeza, lakini ondoka na maji yanayokupwa, si yaliyokwisha kukupwa. Mimi nilisimama kupiga picha mikoko nikasahau. Nilipogeuka, mchanga niliopita juu yake ulikuwa umekwisha kuwa bahari. Nilikaa Juani mpaka mtu alipopita na mtumbwi, akanivusha huku akicheka njia nzima. Magofu ya Kua yako huko Juani, mji wa mawe uliohamwa. Huko nenda na mwenyeji. Kasa hutaga upande wa Juani unaotazama bahari kuu, na vitoto hutoka zaidi kati ya Juni na Septemba. Nenda na waongozaji wanaolinda viota, bila mwanga wa kamera.

Matumbawe usiyakanyage, kombe na simbi usinunue wala kuokota. Kijijini funika mabega na magoti, nguo za kuogelea ziishie mchangani. Pombe usiitembeze njiani. Ramadhani, chakula cha mchana kiliwe ndani. Picha ya mtu huombwa, na akikataa usibembeleze.

Hatua ya 9: Kuondoka

Siku mbili kabla, tazama tena saa ya maji na umwambie nahodha. Acha siku moja ya ziada kabla ya kurudi kazini, maana kusi haijui likizo yako. Betri, makopo na chupa za plastiki rudi nazo, kisiwani hakuna pa kuzipeleka. Fagia, zima moto kwa mchanga, chandarua kiache kimefungwa juu.

Ndoo usirudi nayo. Mpe jirani, na mfuniko wake. Ukirudi mwaka unaofuata utaikuta kisimani kwake, imefungwa kamba yako ya mita 10, naye atakuuliza mbona safari hii umekuja wakati wa maji mafu.